Muda, Wakati na Usahihi: Dhana na Istilahi za Upimaji Ardhi kwa Setilaiti

1.0 Utangulizi

Mgogoro wa mpaka katika vijiji vya Tanzania huanza kwa Kiswahili na husikilizwa kwa Kiswahili. Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo linatambuliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, huwapokea majirani wanaogombea hatua chache za shamba, huwasikiliza wazee, huutazama mti au kichuguu kinachotajwa kuwa mpaka, na hujitahidi kuwapatanisha wahusika. Ushahidi wa mpima ardhi, kwa upande wake, huzaliwa katika lugha nyingine. Elimu yake ameipata kwa Kiingereza, programu anayoitumia humjibu kwa Kiingereza, na taarifa yake ya kitaalamu huandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Baina ya taarifa hiyo na wajumbe wa baraza husimama neno moja tu, yaani 'sahihi'. Wajumbe huambiwa kuwa vipimo ni sahihi, na mjadala hufungwa.

Makala hii inaeleza maamuzi mawili ambayo mpima ardhi anayetumia setilaiti hulazimika kuyafanya: achukue vipimo lini na kwa muda gani, na baada ya hapo avichakate kwa njia ipi. Maelezo hayo yanatolewa kwa kuzingatia dhana kwanza na neno baadaye, kama ilivyo desturi ya uundaji wa istilahi. Imezoeleka kudai kwamba Kiswahili ni maskini wa msamiati wa taaluma za namna hii. Dai hilo ni la kijuujuu. Katika uwanja huu Kiswahili kinatenganisha vizuri dhana ambazo Kiingereza huzichanganya, na kinachanganya dhana nyingine ambazo haziwezi kuchanganywa bila mtu kupoteza ardhi yake.

2.0 Wakati si muda

Miongozo ya upimaji iliyoandikwa kwa Kiingereza hutumia neno moja inapozungumzia saa ya kuanza kupima na inapozungumzia urefu wa kipindi cha kupima. Mwanafunzi huambiwa achague 'wakati' unaofaa, naye hujifunza kwa taabu kwamba hapo pana maswali mawili. Kiswahili kimekwisha kuyatenganisha: wakati ni lini, muda ni kwa kiasi gani. Tofauti hii haikuundwa na kamati yoyote ya istilahi. Imo katika vinywa vya watu, na yafaa itumiwe bila kulegezwa.

Swali la wakati linahusu kwanza mpangilio wa setilaiti angani. Kipokezi kinahitaji kuzipata angalau setilaiti nne ili kikokotoe mahali kilipo, lakini idadi peke yake haitoshi. Setilaiti nne zilizojikusanya upande mmoja wa mbingu hutoa jibu dhaifu, ilhali nne zilizotawanyika hutoa jibu imara. Mfumo wa Marekani, ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978 na ambao ulitangazwa kukamilika mwaka 1995, ulikusudiwa kuwa na setilaiti 24. Katika miaka hiyo mpima ardhi hakuthubutu kutoka ofisini bila jedwali la kumwonesha saa ambazo mpangilio ungekuwa mzuri. Siku hizi mifumo ya Urusi, Ulaya na China imeongezeka, na katika eneo la wazi ni nadra kukosa setilaiti za kutosha. Jedwali hilo limepungua thamani, ila katika mabonde, kandokando ya majengo marefu na chini ya miembe.

Hata hivyo wakati una upande wa pili ambao wingi wa setilaiti haukuufuta, nao unawahusu hasa watu wa Afrika Mashariki. Mawimbi ya setilaiti hupita katika tabaka la juu la angahewa lililojaa chembe zenye chaji, na hucheleweshwa humo. Ucheleweshaji huo hukua kadiri jua linavyopanda na kufikia kilele chake mnamo saa 8 mchana. Ikweta ya sumaku ya dunia, tofauti na ikweta ya ramani, hupita Ethiopia katika eneo hili, na chembe hizo hujilundika zaidi katika mikanda miwili iliyo umbali wa nyuzi 15 hivi kaskazini na kusini mwake. Kwa hiyo Kenya na Tanzania zimo chini ya upande wa kusini wa mlundikano huo. Baada ya machweo, hasa katika miezi inayouzunguka Machi na Septemba, tabaka hilo huweza kuchafuka kiasi cha kuyafanya mawimbi yametemete kama nyota, na kipokezi huyapoteza mara kwa mara. Hali huwa mbaya zaidi katika miaka ambayo shughuli za jua hufikia kilele, jambo linalojirudia kila baada ya miaka 11 hivi. Kilele cha karibuni kilitangazwa mwaka 2024. Mwongozo uliotungwa kwa ajili ya Ulaya ya Kaskazini hauna sababu ya kumwonya msomaji wake juu ya jioni ya Machi mjini Dodoma. Anayeutafsiri neno kwa neno huliacha pengo hilo wazi.

3.0 Utata: kwa nini muda unahitajika

Kipokezi cha simu hujibu kwa sekunde chache, na jibu lake huwa na kosa la mita kadhaa. Mpima ardhi anahitaji sentimita. Hawezi kuzipata kwa kusikiliza ujumbe wa setilaiti peke yake, bali kwa kupima wimbi lenyewe linalobeba ujumbe huo. Katika masafa makuu ya mfumo wa Marekani wimbi moja lina urefu wa sentimita 19 hivi, na kipokezi kizuri huweza kusoma sehemu ya wimbi kwa milimita.

Tatizo ni kwamba kipokezi husoma sehemu ya wimbi, wala hakijui ni mawimbi mangapi mazima yaliyotangulia. Mfano wa karibu umo katika neno lenyewe la taaluma hii. Pima, kabla ya kuwa shina la 'upimaji' katika fikra za wasomi, ni kipimo cha mikono miwili iliyonyooshwa, ambacho wauza nguo na mabaharia walikitumia. Muuza nguo aliyepima jora zima, akakumbuka vizuri kipande kilichobaki baada ya pima ya mwisho, lakini akasahau idadi ya pima zilizotangulia, yuko katika hali ile ile ya kipokezi. Kipande anakijua barabara. Urefu wa jora haujui.

Wapimaji huliita tatizo hili kwa neno lile lile la Kiingereza ambalo wanaisimu hulitumia kwa sentensi yenye maana zaidi ya moja, na ambalo wanaisimu wa Kiswahili wamelifasiri kuwa 'utata'. Hakuna haja ya kutafuta neno jingine, kwani ulinganifu wa dhana ni wa kweli. Sentensi 'Amempigia mtoto mpira' ina utata ikiwa peke yake. Ikiingizwa katika mazungumzo, fasiri zisizoafikiana na yanayofuata huanguka moja baada ya nyingine hadi inabaki moja. Vivyo hivyo, kwa setilaiti zilizosimama mahali fulani kwa dakika moja, idadi nyingi tofauti za mawimbi mazima huweza kuridhisha vipimo. Setilaiti zinaposogea, umbali wake hubadilika, na idadi za uongo hushindwa kuafikiana na mabadiliko hayo. Idadi ya kweli huendelea kuafikiana. Muda, basi, ndio muktadha wa kipokezi.

Hapa ndipo ilipo sababu ya kupima kwa muda mrefu, nayo haielezwi ipasavyo na kauli ya kwamba vipimo vingi huleta wastani mzuri. Vipimo 600 vilivyochukuliwa kila sekunde kwa dakika 10 si sawa na vipimo 600 vilivyochukuliwa kila sekunde 6 kwa saa nzima, ijapokuwa idadi ni ile ile. Katika kipindi cha pili mbingu imebadilika zaidi.

Utata ukitatuliwa, programu hutoa jibu ambalo laweza kuitwa 'jibu funge', kwa maana kuwa idadi za mawimbi zimefungwa katika namba kamili. Usipotatuliwa hupatikana 'jibu elezi', linaloelea baina ya namba bila kutia nanga. Jibu elezi huweza kukosea kwa desimita kadhaa hali limeandikwa kwa desimali tatu za mita kama jibu funge. Mjumbe wa baraza anayeoneshwa namba hizo hana namna ya kulitambua moja na jingine, isipokuwa taarifa imeeleza kwa maneno.

Muda unaotosha hutegemea umbali kutoka kituo cha rejea, yaani kituo ambacho mahali pake panajulikana tayari. Vipokezi viwili vilivyo karibu huona angahewa moja, na makosa ya pamoja hufutana. Vikitengana, kila kimoja huwa na angahewa yake. Mojawapo ya kanuni za kukadiria kwa vipokezi vya masafa mawili ni dakika 10 pamoja na dakika 1 kwa kila kilometa, ili umbali wa kilometa 20 udai nusu saa. Ni kanuni ya kianzio tu, nayo haijui habari za miembe wala za jioni ya Machi. Kwa umbali mkubwa na vipindi virefu, utafiti wa Eckl na wenzake uliochapishwa mwaka 2001, na ambao ulihusu umbali wa kilometa 26 hadi 300 na vipindi vya saa 4 hadi 24, ulionesha kwamba kosa hupungua kwa kipeuo cha pili cha muda: anayetaka kosa lipungue nusu hana budi kuuzidisha muda mara nne. Ulionesha pia kwamba kosa la kimo ni karibu mara nne ya kosa la mlalo, jambo ambalo wachimbaji wa mifereji hawana budi kulizingatia kuliko wagawaji wa viwanja.

4.0 Usahihi na upatanifu

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kuwa jiwe la mpaka limesimama hatua tatu kutoka nyumba iliyoezekwa kwa mabati. Mpima ardhi anasimika kipokezi juu ya jiwe hilo saa 4 asubuhi kwa muda wa dakika 40. Ili ajiridhishe, anarudi kesho yake saa 4 asubuhi na kupima tena. Vipimo viwili vinatofautiana kwa milimita 6. Anaandika kwamba mahali pa jiwe pamethibitishwa.

Hapakuthibitishwa. Sehemu ya mawimbi yaliyomfikia yalidunda kwanza juu ya mabati, yakasafiri njia ndefu kidogo, na kumpa jibu lililopotoka. Setilaiti za mfumo wa Marekani huuzunguka dunia mara mbili katika siku ya nyota, ambayo ni pungufu ya saa 24 kwa dakika 4 hivi. Kwa hiyo kesho yake katika saa ile ile mbingu ilikuwa karibu ile ile, mawimbi yalidunda juu ya bati lile lile kwa pembe ile ile, na kosa likajirudia. Shahidi wa pili alikuwa shahidi wa kwanza aliyebadilisha shati. Setilaiti za mifumo mingine hazirudii kila siku, zile za Urusi zikichukua siku 8 na za Ulaya siku 10, na kuzichanganya hupunguza hatari hii bila kuiondoa. Miongozo ya Marekani ya mwaka 1997 ya kupima vimo kwa setilaiti ilikuwa imekwisha kudai kwamba marudio yafanywe siku nyingine na katika saa tofauti za siku. Dai hilo ni la wakati, si la muda. Anayesoma tu kwamba lazima apime 'mara mbili' amelipoteza.

Mfano huu unadhihirisha upungufu wa neno 'usahihi'. Katika taaluma ya vipimo kuna dhana mbili. Ya kwanza ni ukaribu wa kipimo na ukweli. Ya pili ni ukaribu wa vipimo vyenyewe kwa vyenyewe. Mishale mitano iliyochoma mahali pamoja kando ya shabaha ina dhana ya pili na imekosa ya kwanza. Kiswahili cha kila siku hutumia 'usahihi' kwa zote mbili, na mpima ardhi anayetamka mbele ya baraza kuwa vipimo vyake ni sahihi kwa milimita 6 hasemi uongo kwa lugha yake, ila anasikika akisema jambo ambalo hakulipima.

Yapo maneno yaliyojaribiwa kwa dhana ya pili, 'umakini' likiwa mojawapo. Halifai, kwa kuwa umakini ni sifa ya mtu, na namba haina makini. Makala hii inapendekeza 'upatanifu'. Neno hili limejengwa juu ya kitenzi 'patana', ambacho ndicho hasa vipimo hufanya vinaporudiwa. Aidha, mwanafunzi wa Kiswahili analo tayari mwenziwe katika sarufi, yaani upatanisho. Sentensi 'Vikombe viwili vimekunywa chai' haina dosari ya upatanisho: kiambishi cha ngeli kimejirudia panapotakiwa, na kila neno limekubaliana na jingine. Hakuna, hata hivyo, kikombe kilichopata kunywa chai. Vipimo viwili vya juu ya jiwe lile vilikuwa na upatanisho wa aina hiyo.

'Usahihi' lingebaki basi na dhana ya kwanza peke yake, na sharti la matumizi yake lingekuwa kutaja kitu cha nje ambacho kipimo kimelinganishwa nacho. Sharti hili lina uzito kwa sababu ya jambo jingine, ambalo ni mfumo wa rejea. Ramani nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda zilitengenezwa juu ya mfumo unaoitwa Arc 1960, ilhali setilaiti hujibu katika mfumo wa dunia nzima. Namba zilizopatikana katika mfumo mmoja zikisomwa kana kwamba ni za mfumo mwingine, nukta husogea kwa takriban mita 300. Kosa hilo halipungui hata vipimo vikichukuliwa kwa wiki nzima, wala upatanifu wake hauna dosari.

5.0 Njia za uchakataji

Uchaguzi wa njia ya uchakataji ni uchaguzi wa kitu ambacho kipimo kitalinganishwa nacho. Njia ya papo hapo hutumia redio au mtandao wa simu kupeleka masahihisho kutoka kituo cha rejea hadi kwa mpima aliye uwandani, na utata hutatuliwa kwa sekunde. Ni njia ya haraka, inafaa kwa ugawaji wa viwanja ndani ya kilometa 10 au 20, na inaficha makosa yake vizuri: jibu likishaonekana funge kwenye kioo, mpima huhamia jiwe linalofuata. Anayehifadhi data na kuzichakata ofisini hupoteza siku moja lakini hubaki na ushahidi unaoweza kuchunguzwa tena na mtu mwingine, jambo ambalo katika mgogoro lina thamani kuliko haraka.

Ofisini kuna subira nyingine ya kuamua. Setilaiti hutangaza zenyewe mahali zilipo, kwa kosa la kiasi cha mita moja. Kwa mstari mfupi kosa hilo hufutana na halidhuru. Kwa mstari mrefu inafaa kungoja taarifa za njia za setilaiti zinazokokotolewa na shirika la kimataifa lililoanza kazi rasmi mwaka 1994: za awali hupatikana siku ya pili, na za mwisho baada ya wiki mbili hivi, zikiwa na kosa la sentimita chache tu.

Pale ambapo hakuna kituo cha rejea cha karibu, mpima huweza kutuma data zake kwa huduma za bure za nje. Huduma hizo hazilingani. Ile ya Marekani inayopokea kipindi cha dakika 15 hutegemea vituo vilivyosongamana, na kwa mtu wa Dodoma haina msaada, kwani kituo cha kimataifa cha Malindi kiko umbali wa kilometa 600 hivi na cha Mbarara zaidi ya 800. Ile ya Australia hutumia vituo vya dunia nzima, inadai angalau saa 1 na kupendekeza 2. Ile ya Canada, iliyoanza mwaka 2003, haitumii kituo cha rejea kabisa, bali hutegemea taarifa za njia na za saa za setilaiti, na kwa hiyo huhitaji saa kadhaa ili jibu litulie. Kiingereza kimeipa njia hii ya mwisho jina lenye neno la upatanifu, ingawa kinachoahidiwa ni usahihi. Mchanganyiko huo si wetu, na hakuna sababu ya kuurithi. 'Upimaji wa nukta pekee' latosha.

Njia hiyo ina tahadhari yake. Jibu hutolewa kwa tarehe ya kipimo katika mfumo wa dunia, na ardhi ya Afrika Mashariki husogea kuelekea kaskazini mashariki kwa takriban sentimita 3 kila mwaka. Jiwe lililopimwa mwaka 2014 na kupimwa tena mwaka 2024 litaonekana limehama kwa sentimita 30, na jirani asiye na subira ataona dalili ya mkono wa mtu.

6.0 Uandishi wa saa

Limebaki jambo ambalo vitabu vya kigeni haviwezi kuligusa. Mswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo. Saa rasmi ya Afrika Mashariki huhesabiwa kuanzia usiku wa manane. Data za setilaiti huandikwa kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa rasmi kwa saa 3. Hivyo saa 3 asubuhi ya msaidizi anayeshika daftari ni 09:00 ya saa rasmi na 06:00 ndani ya faili. Faili la siku nalo hufungwa usiku wa manane wa saa ya dunia, ambao kwetu ni saa 9 usiku, kwa hiyo kipindi kirefu cha usiku hukatwa vipande viwili vyenye tarehe tofauti. Namba '3:00' isiyo na 'asubuhi' wala 'usiku', iliyoandikwa katika daftari la uwandani, ina utata wa kiisimu ambao hautatuliwi na programu yoyote. Urefu wa antena ulioandikwa kando yake huweza kuambatanishwa na kipindi kisicho chake. Kulazimisha saa ya kigeni katika daftari si dawa, kwani msaidizi ataendelea kufikiri kwa saa yake na kubadilisha kichwani akiwa juani. Inafaa zaidi aandike kama anavyosema, pamoja na neno la sehemu ya siku, na safu ya pili ya saa ya dunia ijazwe ofisini.

Taarifa inayozingatia yote yaliyojadiliwa ingeweza kusomeka hivi: 'Jiwe lilipimwa tarehe 12, kuanzia saa 3:00 asubuhi (06:00 ya dunia), kwa muda wa dakika 50, na tarehe 13, kuanzia saa 9:30 alasiri (12:30 ya dunia), kwa muda wa dakika 50. Kituo cha rejea kiko umbali wa kilometa 18. Utata ulitatuliwa katika vipindi vyote viwili. Upatanifu wa vipindi ni milimita 14. Usahihi ulikaguliwa kwa kulipima jiwe jingine ambalo mahali pake pameandikwa katika ramani iliyosajiliwa, nalo lilionekana kutofautiana na ramani hiyo kwa milimita 22, baada ya namba kubadilishwa kuingia katika mfumo wa Arc 1960. Upande wa mashariki wa jiwe, umbali wa mita 3, pana nyumba ya bati.'